Hewa ya Kentucky: mnaokaa Louisville karibu na Rubbertown, someni huu uzi mpaka mwisho

Mkalimani502:

Wakuu habari zenu, wazee wote humu shikamooni. Naleta huu uzi kwa sababu kila kiangazi swali ni lilelile kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, mtu anapost picha ya simu yake imeandika hewa leo ni ya kijani, chini yake mama mwingine anauliza sasa mbona huku kwetu kunanuka kama plastiki imeungua na mtoto anakohoa usiku kucha. Wote wawili wanasema kweli na ndo hapo watu wanapochanganyikiwa. Mimi kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili hospitalini hapa Louisville, neno pumu nimelitafsiri sana, na mzazi akiuliza "je ni hewa ya hapa?" anajibiwa kwa sentensi moja alafu daktari anaenda chumba kingine. Hapa tuna nafasi, tuliongee vizuri.

Tuanze na hiyo rangi ya kwenye simu. AQI, yaani kipimo cha ubora wa hewa, inapima vitu vichache tu: vumbi la moshi (lile laini wanaloita PM2.5 na lile nene kidogo), ozoni, kaboni monoksaidi, salfa dayoksaidi na naitrojeni dayoksaidi. Basi. Kemikali za viwandani zinazoleta kansa hazimo: butadieni (ya kutengenezea mpira) haimo, benzeni haimo, vinili kloridi haimo. Kwaiyo siku ambayo kiwanda kimeachia butadieni juu ya mtaa wako simu inaweza kukaa kijani kuanzia asubuhi mpaka jioni, na wala haijakosea, haikuulizwa hilo swali.

Sasa Rubbertown yenyewe. Ni ule ukanda wa viwanda magharibi mwa jiji kandokando ya mto Ohio, ulianza wakati wa vita vya pili vya dunia, Wajapani walipoteka mashamba ya mpira wa asili kule Asia serikali ya Marekani ikawa haina mpira wa matairi ya jeshi, ikajenga viwanda vya kutengeneza mpira kwa kemikali na kadhaa vikawekwa hapa Louisville. Vita vikaisha, viwanda vikabaki. Mitaa iliyo jirani ni kama Chickasaw, Park DuValle, Shively, Lake Dreamland, Riverside Gardens, na waliokaa pale miaka yote wengi ni Wamarekani weusi na wazungu wa kipato cha chini, sasa na sisi tunaingia kwa sababu kodi ya nyumba iko chini. Hakuna mwenye nyumba atakayekuambia kodi iko chini kwa nini.

Mwaka 1965 kiwanda cha neopreni (aina ya mpira wa kemikali) cha DuPont kililipuka pale, watu 12 wakafa. Mwaka 1974 ndo kikaja kitu kilichobadilisha sheria dunia nzima: kampuni ya B.F. Goodrich ikatangaza kwamba wafanyakazi wa kiwanda chake cha hapahapa Louisville wamekufa kwa kansa ya ini ya aina adimu mno, angiosakoma, aina ambayo daktari anaweza kumaliza maisha yake ya kazi bila kuiona hata mara moja. Daktari wa kiwanda, John Creech, ndo aliyeona hawa watu wote walikuwa wanasafisha matangi ya vinili kloridi, ile gesi ya kutengenezea plastiki ya PVC, yaani mabomba ya maji. Kabla ya hapo mfanyakazi aliruhusiwa kuvuta hewa yenye sehemu 500 za hiyo gesi kwa milioni. Baada ya Louisville ikashushwa mpaka sehemu 1. Kutoka 500 mpaka 1, tafakari hapo. Ile 500 nayo ilikuwa "kiwango salama" kwa karatasi za wakati huo.

Nitaendelea na STAR, ule mpango wa jiji wa kubana sumu za viwandani, na mwenendo wa jimbo zima, ila kwanza nisikie wenzangu wako mitaa gani.

Fizi_Baraka:

Aksanti sana ndugu kwa hii uzi. Sisi tuko tunaishi pembeni ya Cane Run Road, tunasikiaga harufu usiku, sana saa nane saa tisa, asubuhi ukiamka haiko tena. Bibi yangu aliuliza ofisi ya nyumba wakamujibu ni mambo ya mto. Mimi natokaga Fizi, mto naujua, mto haunukake vile. Sasa swali yangu: ile butadieni inanuka? Na kama hainuke mutu atajua namna gani?

Mkalimani502:

Mzee wangu swali zuri sana. Butadieni ina harufu nyepesi kama ya petroli, ila unaweza kuivuta kwa kiwango kidogo cha miaka mingi bila pua kuijua, na madhara yake makubwa (kansa ya damu) yanatoka kwenye hiyo miaka mingi. Na kinyume chake pia kipo, kuna harufu kali sana inayotoka kwenye mtambo wa maji taka au kiwanda cha chakula ambayo inakera kweli lakini sio ile inayoleta kansa. Pua isikuamulie peke yake. Ila harufu usiidharau, kwa sababu malalamiko ya harufu yanaandikwa, yana tarehe na saa, na mkaguzi akija akalinganisha na upepo wa saa ile anaweza kufika mpaka kwenye bomba lenyewe. Piga 311, namba ya huduma za jiji, au tumia ile app ya kuripoti harufu ya Smell MyCity, andika saa, andika inafanana na nini, andika upepo unatoka wapi. Lalamika palepale usiku, usisubiri asubuhi.

Kwa Kiswahili inawezekana kabisa, omba mkalimani, ofisi inayopokea hela za serikali kuu inatakiwa ikupe bila malipo. Usimpe mtoto wa darasa la nne aongee kwa niaba yako mambo ya kemikali.

MjengoBora:

Mleta uzi naheshimu kazi yako ila nina neno. Nimefanya kazi kwenye moja ya hivyo viwanda, simtaji. Analipa vizuri kuliko warehouse yoyote hapa mjini, bima nzuri, nimejenga kwetu Morogoro na nimesomesha wadogo zangu kwa hizo hela. Tukianza kupiga kelele kampuni inahama, alafu? Na hewa ya hapa ukilinganisha na barabara za Dar saa ya foleni, daladala zinatema moshi mweusi, mama anapikia mkaa ndani, hapa ni pazuri. Tusitishane.

Mkalimani502:

Mkuu nimekusoma na sikupingi yote. Kweli kabisa, vumbi la moshi hapa ni dogo kuliko miji yetu mingi, na jiko la mkaa ndani ya chumba linaua, halina ubishi. Lakini mtu wa kwanza kuumia na sumu ya kiwanda ni nani? Ni wewe uliye ndani. Wale wa 1974 hawakuwa majirani, walikuwa wafanyakazi. Novemba 12, 2024 kiwanda cha rangi ya vyakula cha Givaudan hapa mtaa wa Clifton kililipuka, waliokufa wawili wote walikuwa kazini, nyumba za jirani madirisha yakapasuka. Na palepale mwaka 2003, kikiwa chini ya jina lingine, tangi lililipuka likaua mfanyakazi mmoja. Kwaiyo anayedai kiwanda kipimwe anadai na kwa niaba yako.

Na hilo la kampuni kuhama, ngoja niwaeleze kilichotokea hapa maana ndo moyo wa uzi wangu.

Miaka ya mwisho ya 1990 wakazi wa magharibi mwa jiji walichoka kuambiwa hewa ni nzuri. Chuo Kikuu cha Louisville pamoja na kamati ya wakazi wakaweka vipima hewa mitaani kuanzia 2000, wanakamata hewa kwenye makopo ya chuma wanapeleka maabara, wanaangalia kemikali moja moja. Butadieni ikaonekana juu mno karibu na viwanda vya mpira. Kabla ya hapo kila mtu alijua kuna tatizo ila hakukuwa na namba, na bila namba mkutano wowote unaishia "tumewasikia". Mchungaji Louis Coleman alikuwa anaandamana mpaka mlangoni kwa viwanda, akina mama wa kikundi cha REACT wakawa wanabana baraza la jiji. Mwaka 2005 jiji likapitisha mpango unaitwa STAR.

Uzuri wa STAR ni huu. Sheria nyingi za serikali kuu zinakwambia funga kifaa fulani, ukishafunga umemaliza. STAR inauliza hewa ikitoka kwako ikamfikia jirani, hatari yake ya kansa ni kiasi gani? Lengo ni hatari isizidi mtu mmoja kwa milioni kwa kemikali moja kutoka mtambo mmoja, na kiwanda ndo kinatakiwa kionyeshe hesabu yake. Mzigo wa ushahidi ukahamia kwa mwenye bomba. Viwanda vililia sana, vikasema vitafunga. Wengi hawakufunga, waliweka mitambo ya kuchoma gesi kabla haijatoka nje, wakaziba mivujo kwenye vali na pampu, na butadieni iliyopimwa hewani ikashuka zaidi ya nusu. Wale waliosema haiwezekani wakaiweza.

Kijana_wa_BG:

Safi sana kaka. Mimi niko Bowling Green, tumejaa Waswahili huku, Wakongo, Warundi, Watanzania pia. Huku hatuna Rubbertown. Je huo mpango wa STAR unatuhusu? Na ukisema mwenendo wa jimbo zima unapanda au unashuka?

Mkalimani502:

STAR ni ya Louisville tu mdogo wangu, yaani kaunti ya Jefferson. Louisville ina chombo chake cha hewa, APCD, kina mamlaka yake. Kaunti zingine zote ziko chini ya jimbo, na sheria ya Kentucky inakataza wakala wa jimbo kutunga kanuni kali kupita za serikali kuu. Soma hiyo tena taratibu. Ukivuka mpaka wa kaunti, mtoto wako analindwa na kiwango cha chini kabisa ambacho Washington imekubali, na Washington ikilegeza jimbo haliruhusiwi kutunga kanuni kali zaidi ya hapo.

Mwenendo wa jimbo: unashuka, na umeshuka sana. Sitaki mtu aondoke hapa anadhani hewa inazidi kuharibika kila mwaka, sio kweli. Kitu kikubwa ni makaa ya mawe. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 umeme wa Kentucky zaidi ya asilimia 90 ulitoka kwenye makaa, sasa uko karibu asilimia 70, bado ni kati ya majimbo yanayoongoza lakini tofauti ni kubwa. Mitambo mingine ikageuzwa ya gesi, kama Cane Run hapa Louisville mwaka 2015, ile Paradise ya TVA (shirika la umeme la serikali kuu) ikazimwa makaa kabisa 2020, na iliyobaki ikawekewa mitambo ya kuosha salfa kwenye moshi. Sheria ya zebaki ya 2012 nayo ikasukuma.

Na hii sio namba ya kwenye karatasi tu. Kuna utafiti ulitoka 2020 uliofanyika hapahapa Louisville, waliangalia watu wanaopelekwa hospitali kwa pumu kabla na baada ya Cane Run kuacha makaa na mitambo mingine kuwekewa vioshea moshi. Walikuta kama visa 400 pungufu kwa mwaka kaunti nzima. Na kulikuwa na wagonjwa wenye inhela zenye kidude kinachorekodi kila wanapopuliza, baada ya mtambo wa umeme wa Mill Creek kuwekewa kioshea moshi 2016 matumizi ya inhela yakashuka asilimia 17. Mimi kila mzazi ninayekaa naye hospitali akiuliza kama kupigania hewa kuna faida namwambia hiyo. Bomba lilisafishwa, wagonjwa wakapuliza inhela mara chache.

Ila sasa shida ya neno "unashuka". Kuna daftari la serikali kuu linaitwa TRI, kila kiwanda kikubwa kinaandika kimetoa sumu kiasi gani hewani, majini na ardhini, ripoti inatakiwa kila tarehe 1 Julai kwa mwaka uliopita. Lilianzishwa kwa sheria ya 1986 baada ya Bhopal kule India, Desemba 1984 kiwanda cha Union Carbide kilivujisha gesi ikaua maelfu ya watu usiku mmoja, alafu mwaka uliofuata kiwanda cha kampuni hiyohiyo kule West Virginia kikavujisha kemikali watu zaidi ya mia wakaenda hospitali, West Virginia ni jirani zetu hapa. Wamarekani wakajiuliza kumbe hata sisi hatujui kilichomo kwenye matangi ya jirani. Hilo daftari ni hazina, sisi wote tuna haki ya kulifungua, halihitaji uwe raia.

Lakini ukilifungua ujue mambo haya. Kiwanda kinajiandikia chenyewe, na mara nyingi hakipimi bomba, kinapiga hesabu ya makadirio. Kiwanda chenye wafanyakazi chini ya 10 hakiandiki kabisa. Magari hayamo. Na kubwa kuliko yote, linajumlisha paundi. Paundi ya amonia na paundi ya butadieni zinahesabiwa sawa kwenye jumla, ni kama kupima chumvi na sumu ya panya kwenye mzani mmoja ukasema jikoni leo vitu vimepungua uzito. Jimbo linaweza kushusha mamilioni ya paundi kwa kuosha moshi wa makaa wakati mtaa mmoja kemikali moja mbaya imebaki palepale au imepanda. Alafu zingine zinashuka kwa sababu kiwanda kimefungwa tu, Hawesville kile kiwanda cha aluminiamu kilisimama 2022, watu wakakosa kazi, namba zikapendeza. Huo sio ushindi wa usafi.

Kijana nenda kaangalie Calvert City, magharibi ya jimbo, kwenye mto Tennessee. Mji mdogo sana. Kuna viwanda vya malighafi ya PVC, na mwanzoni mwa miaka hii ya 2020 vipima hewa vilivyowekwa kule vilionyesha ethilini dikloridi juu kuliko inavyotakiwa kwa mtu anayekaa hapo maisha yake yote. Wakati huohuo grafu ya jimbo inateremka vizuri. Vyote viwili vinatokea kwa pamoja.

Mama_Neema_KY:

Dada/kaka sijui nikuiteje, Mungu akubariki. Nina mwanangu wa miaka sita ana pumu, tunakaa upande wa Iroquois. Nimesoma yote. Naomba kwa lugha nyepesi, nifanye nini nyumbani? Niliambiwa ninunue mashine ya kusafisha hewa, ni bei, je inasaidia?

Mkalimani502:

Mama Neema niite kaka tu, na pole sana kwa mtoto. Mashine yenye filta ya HEPA inasaidia kwa vumbi la moshi, na kwa mtoto wa pumu hilo ni jambo kubwa, mnakumbuka Juni 2023 moshi wa misitu ya Canada ulivyofunika mji mzima hapa. Siku za namna hiyo iwashe chumba anacholala na ufunge madirisha. Lakini HEPA haikamati gesi. Butadieni na benzeni zinapita kama vile hakuna kitu. Wanaouza wanasema "inaondoa kemikali zote", angalia kama ina mkaa wa filta na ni mwingi kiasi gani, zile za bei ndogo zina kikaratasi chenye vumbi jeusi tu. Kama hela haitoshi nunua filta nzuri ya mashine ya joto na baridi ya nyumba, ile iliyoandikwa MERV 13 kama mashine yako inaikubali, na uibadilishe kwa wakati. Na jiko la gesi likiwaka washa feni ya kutoa hewa nje.

Dharura je? Ukisikia king'ora au simu ikalia tangazo la "kaa ndani", ingia ndani, funga kila kitu, zima mashine inayovuta hewa ya nje, weka taulo lenye maji chini ya mlango, ngoja tangazo la pili. Usitoke kwenda kuangalia. Najua kwetu kukilia kishindo wote tunakimbilia kuangalia, hapa usifanye hivyo, gesi haionekani. Na usikimbilie shuleni kumchukua mtoto katikati ya tangazo, shule nayo inafunga milango na wewe utakuwa barabarani kwenye hewa mbaya zaidi. Naomba hili mlipeleke makanisani na misikitini kwa sababu hayo matangazo yanakuja kwa Kiingereza.

Jambo lingine zuri: Chuo Kikuu cha Louisville chini ya Dk. Aruni Bhatnagar walipanda miti na vichaka kama 8,000 kwenye mitaa ya kusini mwa jiji, mradi wa Green Heart, mwaka 2024 wakatoa matokeo kwamba waliokaa kwenye mitaa iliyopandwa kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe ndani ya mwili kilikuwa chini kwa asilimia 13 mpaka 20 kuliko mitaa isiyopandwa. Jiji likileta mti bure barazani kwako upokee. Ila mti usichukuliwe kama jibu la bomba, bomba linazibwa kwenye bomba.

Pwani_Binti:

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nimeguswa sana na pale uliposema bila namba mkutano unaishia "tumewasikia". Sisi Owino Uhuru ilikuwa hivyohivyo, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kiliwekwa katikati ya nyumba za watu kuanzia 2007, risasi (ile metali yenye sumu iliyomo kwenye betri) ikaingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido alikuwa akifanya kazi palepale kiwandani, mwanawe mchanga akaugua, hospitali hawajui ni nini mpaka damu ilipopimwa risasi. Ndipo akaanza kupeleka watoto wengine wapimwe. Kiwanda kikafungwa 2014, mahakama ikaamua 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, rufaa juu ya rufaa, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi ule. Miaka yote hiyo. Laiti kungekuwa na daftari kama hilo lenu la TRI lililo wazi mlangoni mwa mtaa, asingelazimika mama kugundua kupitia damu ya mtoto wake.

Mkalimani502:

Dada asante sana, na Omido namheshimu mno. Ndo maana nasema tusilichukulie poa hilo daftari. Watu wamelipia.

Fizi_Baraka:

Ndugu umesema viwanda vingine viliogopesha vitahama. Kuna kilihama kweli? Kilienda wapi?

Mkalimani502:

Mzee hilo swali ndo linaniuma kuliko yote. Neopreni ya DuPont, ile iliyolipuka 1965, ilitengenezwa Louisville miaka mingi, kwenye kuitengeneza inatoka kemikali inaitwa kloropreni. Mwishoni mwa miaka ya 2000 DuPont ikazima hapa na uzalishaji wote ukaenda kwenye kiwanda chao kingine LaPlace, Louisiana. Hewa yetu ikapona kloropreni. Alafu 2010 EPA, wakala wa mazingira wa serikali kuu, ikaandika kloropreni inaelekea kuleta kansa kwa binadamu, mwaka 2015 DuPont ikauza kile kiwanda kwa kampuni ya Kijapani Denka, na mwaka huohuo ramani ya EPA ikaonyesha watu wanaokaa jirani na kile kiwanda wana hatari ya kansa ya hewa kubwa kuliko mahali pengine popote Marekani. Ni mtaa wa watu weusi, shule ya msingi ilikuwa karibu na uzio. EPA ikapendekeza wastani usizidi mikrogramu 0.2 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, vipimo vya shuleni vikawa vinapita hapo mara nyingi.

Serikali kuu ikaishtaki Denka Februari 2023. Machi 2025 serikali mpya ya Rais Trump ikaifuta kesi. Mwezi Mei kampuni ikatangaza inasimamisha uzalishaji, ikasema ni hasara na gharama. Kwaiyo wale wakazi wamepumzika kwa sababu ya soko la neopreni, mahakama haikufika mwisho. Kesho soko likirudi?

Kwaiyo MjengoBora ulichosema kina ukweli wake, kiwanda kinaweza kuhama. Lakini kilihama kwenda wapi? Kilienda mahali ambapo hakuna STAR. Kama kila kaunti ingekuwa na kanuni kama ya Louisville kisingekuwa na pa kukimbilia, kingeziba mabomba. Hoja yako mimi naona inadai sheria ipande jimbo zima na nchi nzima, sio ishuke Louisville.

MjengoBora:

Hapo umenishika mkuu. Sikujua hiyo ya LaPlace. Bado naamini kazi zibaki ila nimeelewa.

Kijana_wa_BG:

Na huko Washington sasa hivi hali ikoje? Nasikia wanafuta kila kitu.

Mkalimani502:

Sio kila kitu ila wamegusa mambo mazito. Februari 2024 kiwango cha vumbi laini kilishushwa kutoka mikrogramu 12 mpaka 9 kwa wastani wa mwaka, utawala mpya ukasema hauutaki. Februari 2025 ile ramani ya EJScreen iliyokuwa inaonyesha mtaa gani unabeba mzigo wa sumu ikaondolewa kwenye tovuti ya EPA, nashukuru watu wa nje walishainakili wakairudisha hewani. Alafu mwaka huohuo rais akatoa misamaha ya miaka miwili kwa mitambo ya makaa na viwanda vya kemikali ili visifuate kanuni mpya. Louisiana nao mwaka 2024 walipitisha sheria inayobana wakazi wasitumie vipima hewa vyao vya bei nafuu kushtaki kiwanda, yaani ukipima mwenyewe hesabu yako haikubaliki. Kwangu hiyo ndo mbaya kuliko zote, kwa sababu kila kitu kizuri kilichotokea hapa Louisville kilianza na wakazi kupima.

Lakini STAR bado ipo, na TRI bado ipo kisheria, haiwezi kufutwa kwa kalamu ya mtu mmoja. Na kuna mlango ambao sisi Waswahili karibu hatuutumii. Kiwanda kikubwa kina kibali cha hewa kinachofanywa upya kila miaka mitano, na kabla ya kupewa lazima wananchi wapewe siku 30 za kutoa maoni na wanaweza kuomba kikao cha wazi. Maoni yanaweza kuwa barua ya nusu ukurasa. Yanaweza kuwa ya Kiswahili, mkalimani yupo. Na ofisi inatakiwa ijibu hoja za msingi kwa maandishi, ndo utamu wake, usiandike "tunaomba mtujali", andika swali linalotaka namba. Mfano: mwaka jana kiwanda hiki kiliachia butadieni mara ngapi nje ya utaratibu, kila mara ilidumu muda gani, na hiyo hesabu ilipimwa au ilikadiriwa?

Mama_Neema_KY:

Kaka hilo swali la mwisho nimelinakili vilevile. Tuko akina mama kama wote pale kanisani tunaoishi upande huo, tukiandika pamoja barua moja inahesabika moja au inahesabika sisi wote?

Mkalimani502:

Mama Neema, barua moja yenye sahihi nyingi wanaijibu kama hoja moja. Kwaiyo msiandike moja. Kila mtu aandike yake na kitu chake, mwenye mtoto wa pumu aandike saa mtoto anapobanwa na harufu ilikuwaje, anayelima bustani aandike masizi kwenye mboga, anayefanya kazi usiku aandike anachokiona saa nane. Nitumieni inbox mnakaa zipu kodi gani, nitafungua TRI na orodha ya vibali niwaambie kiwanda gani kiko jirani na kibali chake kinafanywa upya lini, alafu Jumamosi moja tukae hapo kanisani na laptop tuziandike. Fizi_Baraka mzee wangu na wewe uje na tarehe za zile harufu za usiku kama uliziandika popote, hata kwenye voice note.

Fizi_Baraka:

Niko nazo kwa simu, bibi yangu alikuwa anamutumiaga dada yake voice kila usiku anasema "inanuka tena". Zote ziko na tarehe na saa. Nitakuja.